Shangazi na Mifarishi Isiyoisha

Baridi ya Juni imeingia Chala, kule Nkasi kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Namanyere, na haina mzaha. Uwanda wa juu wa Ufipa uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa miezi hii blanketi moja ni sawa na hakuna. Ndiyo maana barua za mwezi huu kwa Shangazi, mshauri wa safu hii, hazina habari za michepuko wala mawifi. Zote zinalalamikia mifarishi ya viraka iliyoanzwa zamani ikaachwa njiani.

Wa kwanza ni Mama Kiroba wa Chala. "Shikamoo Shangazi. Nilianza kuunga vipande vya khanga nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu. Sasa yuko kidato cha pili, na vipande bado viko kwenye kiroba uvunguni. Khanga niliyoanzia haiuzwi tena. Baba watoto akipita anakipiga teke kiroba. Nifanyeje?"

Marahaba, anajibu Shangazi, na suala la mateke analiweka kiporo. Kwanza kiroba kimwagwe juani, maana panya huenda wameshajenga. Kila kipande kivutwe kwa mikono miwili: kinachochanika ni tambara la kudekia, kinachovumilia kinafuliwa kwa maji ya vuguvugu kabla ya kuungwa, kwa sababu kitambaa kipya cha pamba husinyaa na khanga nyekundu huchuja. Akikandamiza kitambaa cheupe kilicholowa juu ya kila rangi, atajua mapema ipi itamharibia kazi.

Khanga isiyouzwa asiitafute. Apunguze ukubwa: vipande vilivyoshindwa kutosha kitanda cha futi tano kwa sita vinatosha kitanda cha mtoto. Mji wa khanga ukae katikati, pindo ziwe ukingo, na mapengo yazibwe kwa shuka kuukuu la rangi moja au vitenge anavyofagia fundi cherehani jioni. Ndani si lazima pamba wala sufi. Blanketi lililochakaa linatosha. Tabaka zote tatu, yaani viraka, blanketi na kitambaa cha chini, zishikizwe kwa bandi ndefu kuanzia katikati kwenda kingoni ili zisikunjane, ndipo mshono wenyewe upite. Bandi zifumuliwe mwishoni.

"Shangazi, mimi ni Mume wa Suruali Moja, Sumbawanga mjini. Nilinunua jinzi mbili mnadani. Moja nimeikuta imekatwa miraba. Mke anasema ni kwa ajili ya mfarishi. Je, sheria inasemaje?"

Shangazi anauliza kwanza hali ya goti. Kama lilikuwa zima, mume adai fidia. Kama lilitoboka, mke hana kosa, na amechagua vizuri: jinzi huisha gotini na makalioni, lakini kitambaa cha vigimbini hubaki karibu kama kilivyotoka dukani. Kwa mitumba iliyojaa minadani tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, malighafi hiyo haikosekani. Onyo ni moja tu: jinzi isishonwe bega kwa bega na khanga. Kitambaa kizito huvuta chepesi, na baada ya kufuliwa mara chache ni khanga inayochanika pembeni ya mshono. Jinzi ikae na jinzi.

Mjukuu Msomi wa Namanyere anahoji kama viraka si mambo ya Wazungu au dalili ya ufukara. Huyu anajibiwa kwa kirefu kidogo.

Kabla nguo za madukani hazijawazidi nguvu, Wafipa walisokota pamba na kufuma nguo nzito wenyewe. Shambani hawakutupa majani pia: waliyafukia kwenye matuta ya ntumba yaoze na kurutubisha udongo, na mfarishi wa viraka unafuata akili hiyohiyo. Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Karnataka, India, wapo Wasiddi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, baadhi wakipelekwa kama watumwa kupitia Goa. Wanawake wao hushona kawandi, mifarishi ya nguo kuukuu. Huanzia kingoni, wakazunguka kuelekea katikati wakiongeza kipande chochote kilichopo, mpaka nafasi iishe. Hawasubiri kitambaa kifanane. Pembe nne hutiwa pembetatu za kitambaa zilizokunjwa, ziitwazo phula. Bila hizo, kazi huhesabiwa kuwa uchi.

Barua ya mwisho ni ya Binti wa Marehemu, anayetaka kushona mashati ya baba yake huku baba zake wadogo wakitaka wagawane. Hapa Shangazi anaacha utani. Mwaka 1942, huko Gee's Bend, Alabama, Marekani, mwanamke aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mumewe akashona mfarishi kwa nguo zake za kazi. Miaka sitini baadaye, mwaka 2002, mifarishi ya kijiji hicho ilioneshwa katika makumbusho ya Houston na New York. Binti aongee kwenye kikao cha ukoo kabla mkasi haujagusa kitu. Mashati mazima wapewe baba wadogo. Yeye aombe yale yaliyoliwa kola, ambayo hakuna atakayeyagombea, na mgongo wa shati moja una kitambaa kingi kuliko anavyodhani.

Kwa wote, hukumu ya Shangazi ni hii: aliyekaa na kiroba zaidi ya miaka mitatu achague kimoja kabla ya mavuno kuisha, aumalize mfarishi kwa ukubwa wowote unaotoka au ampe jirani vipande. Wenye sweta zenye mkono mmoja wasubiri toleo lijalo.