Safu ya Ushauri: Sahani ya Lumbesa

Kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, baridi na Krismasi hazikutani. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800, katikati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na baridi yake kali ni ya kipupwe, Juni na Julai, usiku unapoweza kushuka chini ya nyuzi 10. Miezi hiyo ndiyo ya mavuno. Mahindi yanapukuchuliwa, maharage yamekwisha kupigwa, fedha imeingia mfukoni na harusi zinafuatana kila Jumamosi. Krismasi huja mvua zikiwa zimeshika, ghala limepungua na magugu yanawasubiri wenyewe shambani. Mashauri mengi kuhusu ulaji wa sikukuu yanatoka Ulaya na Marekani, ambako baridi, keki na Krismasi huja pamoja. Mfipa anayeyafuata kama yalivyo hujinyima Desemba, anaposhika jembe, na kujiachia Julai, anapokaa na jiko la mkaa miguuni. Kwa hiyo barua za wasomaji zinajibiwa hapa kwa kufuata kalenda ya uwanda.

Vipimo ni vichache. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, ya wanga au protini 4, na ya kilevi 7. Karani wa ofisini huhitaji kalori 2,200 hadi 2,500 kwa siku. Mwanaume anayelima kutwa huvuka 3,000. Majibu yote yanayofuata yametoka humo.

Msomaji anayejiita Koti Zito, wa Katandala, anadai kwamba baridi ya Julai inachoma kalori, na kwa sababu hiyo ana haki ya kuongeza maandazi asubuhi. Ni kweli kwamba mwili unaotetemeka hutumia nguvu nyingi zaidi. Lakini Koti Zito hatetemeki. Kwa maelezo yake mwenyewe, huvaa sweta mbili na koti la mtumba, hufunga dirisha na kukaa karibu na jiko. Kazi ya kupasha mwili moto imefanywa na mkaa, na mkaa haudai maandazi. Andazi moja la wastani lililokaangwa kwenye mafuta mengi lina kalori kama 200, nayo matatu ni robo ya mahitaji ya karani kwa siku nzima, kabla chai haijahesabiwa.

Na chai inapaswa kuhesabiwa. Kipupwe kinaongeza vikombe: cha alfajiri, cha saa nne, cha mgeni aliyepita, cha jioni. Vijiko vinne vya sukari kwa kikombe, kila kimoja kikiwa na gramu 5 kwa ule ujazo wa kijiko chenye kilima, ni gramu 20. Vikombe vinne ni gramu 80, yaani kalori 320. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 50. Koti Zito amepita kiwango hicho hata kabla ya kuifikia soda. Apunguze vijiko hadi viwili na aweke tangawizi nyingi. Maandazi abakize moja, na sweta zote mbili aendelee nazo.

Barua ya pili imetoka Matai, wilayani Kalambo, kwa mwanakamati wa harusi ambaye tangu Juni amehudhuria vikao, kitchen party na send-off bila kukosa, na sasa suruali ya suti haifungi. Anasema hajala chochote cha ajabu, ni kitimoto tu. Kitimoto ina sifa moja njema inayosahaulika: mteja huiagiza kwa kilo, kwa hiyo hana kisingizio cha kutojua kiasi. Nusu kilo ya nyama hiyo ya nguruwe yenye mafuta yake ni kama kalori 1,300 ikiwa mbichi. Sehemu ya mafuta hubaki kikaangoni, lakini ndizi zinazokaangwa humo humo huyanywa na kuyarudisha mezani. Ikichomwa juu ya wavu, mafuta mengi huangukia motoni. Mwanakamati aagize robo, ya kuchoma, na aombe kachumbari ya nyongeza, ambayo wauzaji wengi huitoa bure. Kuhusu suti, fundi huacha kitambaa cha akiba kwenye mshono wa nyuma wa suruali, na kitambaa hicho hakina kalori.

Mwanakamati huyohuyo ameongeza swali chini ya saini: je, pombe ya ulezi si chakula? Ni chakula, na hapo ndipo tatizo lilipo. Ulezi ni nafaka ya zamani ya uwanda huu, na sifa zake ni za kweli: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, mara nyingi zaidi ya mahindi, na nyuzinyuzi za kutosha. Kwa nishati, hata hivyo, unga wa ulezi na wa mahindi unakaribiana sana, kalori 330 hadi 360 kwa gramu 100. Anayehama dona kwenda ugali wa ulezi kwa nia ya kupungua atanufaika mifupa. Kiuno kitabaki palepale ikiwa tonge halijapungua. Na ulezi ukishakuwa komoni, wanga uliobaki unaungana na kilevi, hivyo lita moja hubeba kalori karibu 400. Kimpumu ni kesi ngumu zaidi, kwani hunyonywa kwa mrija huku maji ya moto yakiongezwa chunguni, na hakuna mnywaji aliyewahi kusema kwa uhakika amekunywa lita ngapi. Njia pekee ya kuihesabu ni kuhesabu saa za kukaa. Zikizidi mbili, chakula cha usiku kiwe maharage na mboga za majani, pasipo ugali wa pili.

Kutoka Malangali, mjini Sumbawanga, karani mmoja anaeleza kwamba siku ya Krismasi alitoka kanisani akaalikwa nyumba tatu, na kote alipewa "sahani ndogo tu". Sahani ndogo ya Krismasi inafahamika. Ni lumbesa: gunia lililojazwa hadi mdomo, kisha likaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Serikali imepiga vita lumbesa ya mahindi na viazi kwa sheria ya vipimo, lakini ya pilau haijapata mkaguzi.

Inafaa kuifungua sahani hiyo. Chini kuna wali uliotokana na gramu 150 za mchele, kalori 540. Katikati ya punje kuna mafuta, na hapa ndipo hesabu za wengi huharibika, kwa sababu mafuta hayaonekani. Mpishi wa sikukuu humimina kikombe kizima kwa kilo moja ya mchele. Kilo hiyo ina kalori 3,600 na kikombe hicho peke yake kina kama 2,000. Fungu la mlaji mmoja linabeba kalori 300 za mafuta. Juu kuna vipande viwili vya nyama, 200. Pembeni kuna soda, gramu 35 hivi za sukari, kalori 140. Kachumbari haina neno. Jumla ni karibu 1,200 kwa nyumba, na kwa nyumba tatu ni 3,600. Mpishi huyo angeweza kupika pilau ileile kwa nusu kikombe cha mafuta, akakaanga vitunguu taratibu hadi vibadilike rangi ya kahawia iliyokolea, na asingepata mgeni wa kulalamika, kwa sababu rangi na harufu ya pilau hutoka kwenye vitunguu na bizari. Soda nayo inywewe katika nyumba moja kati ya tatu. Kwingine yaombwe maji, na ombi hilo halijawahi kuvunja undugu.

Undugu ndio mzigo wa barua inayofuata, ya binti anayefanya kazi Dar es Salaam, ambaye kila Desemba hupanda basi la Sumbawanga na kushuka Laela, kwa wakwe. Mama mkwe humpakulia mwenyewe, husimama kumtazama, na binti akipunguza mwendo huulizwa kama chakula ni kibaya. Mwaka huu amekuja na programu ya simu ya kuhesabia kalori, isiyomfahamu mgebuka wala dagaa. Programu izimwe. Mgebuka aliyepandishwa kutoka Kasanga, akachemshwa na nyanya, ni chakula chepesi kuliko chochote alichokula stendi za njiani. Kuhusu kusukumiwa chakula, njia ya staha ni kuomba kula sinia moja na mawifi na watoto: adabu inatimia, na kasi ya watoto wa shule inamaliza kazi iliyobaki. Asikatae moja kwa moja, na asitaje neno "diet" mbele ya mama mkwe, ambaye kwake kukonda ni ugonjwa au ndoa mbaya. Kisha kuna tiba ya wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kama agizo la lishe, methali hiyo haina dosari. Palizi ya mahindi, inayofanywa kwa mkono hata katika kaya zinazolima kwa ng'ombe, hutumia kalori 250 hadi 350 kwa saa. Saa nne za asubuhi zinamaliza sahani moja ya lumbesa, na heshima kwa mama mkwe inapanda bila gharama nyingine.

Barua ya Namanyere haichekeshi. Baba mmoja, baada ya kuambiwa kliniki kwamba uzito wake umezidi, ameamua nyumba nzima ipunguze chakula, pamoja na mtoto wa miezi 18. Aache mara moja. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala Sumbawanga. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa mkoa huu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na ule wa 2022 bado ulikuta karibu nusu yao. Ghala limejaa, na sahani ya mtoto ina uji mweupe. Kalori za baba zipunguzwe kutoka sahani ya baba. Kuku wa sikukuu akichinjwa, firigisi kwa desturi ni ya mwenye nyumba, na ini mara nyingi huifuata hukohuko. Ini liondoke huko: lisagwe pamoja na viazi na kijiko kimoja cha mafuta, apewe wa miezi 18, na yai kila linapopatikana. Mafuta yanayomdhuru baba ndiyo yanayomfaa mwanawe, kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo na uji mwepesi hulijaza kabla ya kumlisha.

Barua ya mwisho ni ya Januari. Msomaji wa Mpui alijipima tarehe 24 Desemba na tarehe 27 kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi, akakuta kilo mbili zimeongezeka. Mizani hiyo inafaa, mradi ina muhuri wa Wakala wa Vipimo na mpimwaji amevua mabuti. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kalori 7,700 hivi. Ili aongeze mbili ndani ya siku tatu, angepaswa kula, zaidi ya mahitaji yake, sahani kumi na tatu za karani wa Malangali. Zilizoongezeka ni chumvi, maji na chakula ambacho bado kiko njiani. Ajipime tena baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya chai, akiwa na nguo zilezile.