Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Miaka Minane

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango la Kenya (KEBS),
Barabara ya Popo, South C, Nairobi.

KUH: SHUKRANI KWA KUTUPUNGUZIA KAZI YA KUFIKIRI

Mheshimiwa,

Natafuta SUV ndogo ya kifahari iliyotumika: BMW X3, Audi Q5, au Volvo XC60 riziki ikikubali. Kabla sijaipeleka akiba yangu yadi, naona ni adabu kuwashukuru. Swali linalowakosesha usingizi wanunuzi wa magari kote duniani, yaani "hili litadumu?", ninyi mlilijibu zamani katika kiwango chenu KS 1515:2000. Gari likizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, halina nafasi Kenya. Lisipozidi, na likapita ukaguzi, karibu Mombasa.

Jibu hilo lina usahihi wa kutisha. Chukua X3 mbili za kiwanda kimoja, moja iliyosajiliwa Uingereza tarehe 30 Desemba 2017 na nyingine tarehe 2 Januari 2018. Kwa kuwa mnahesabu miaka ya kalenda, ule wa usajili ukiwemo, mwaka 2025 ulipoanza ya kwanza ilihesabiwa chuma chakavu, ya pili ikabaki gari la familia. Sisi wa kawaida hatungeweza kuona siku tatu zinavyoozesha injini, lakini ndiyo maana tuna wataalamu.

Ajabu zaidi ni hewa ya mipakani. Gari la miaka tisa mnalolikataa ninyi linaruhusiwa kuingia Tanzania, ila hutozwa ushuru wa ziada kwa uzee wake. Uganda nao waliweka ukomo wa miaka kumi na mitano mwaka 2018. Nadhani giaboksi hupata nguvu mpya ikishavuka Busia.

Msidhani siwaelewi. Hakuna Mkenya anayetaka nchi yake iwe jaa la mabaki ya Japani na Ulaya, wala anayependa moshi mweusi Thika Road. Shida ni kwamba mmetupa kalenda tukadhani ni fundi. Na watoza kodi wetu, KRA, nao wamesaidia: kadiri gari linavyozeeka, ndivyo thamani inayotozwa kodi inavyoshuka. Basi KRA wanatusukuma kwenye uzee, ninyi mnatushika kola langoni, nasi tunabanana hapo katikati, kwenye mwaka wa saba, kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni.

Ni umri gani huo, Mheshimiwa? Kwa Toyota isiyo na turbo ni ujana. Kwa SUV ya kifahari ya Ulaya ni umri ambao waranti ilikwisha zamani, mwenye gari wa kwanza ameuza, na wa pili ameanza kuahirisha sevisi. Plastiki na mipira ya mfumo wa kupoza injini imechoka kwa joto. Kisha kuna oili ya giaboksi. Kwa miaka mingi BMW imewaambia wateja kwamba oili hiyo hudumu maisha yote ya gari. ZF, kampuni inayoitengeneza giaboksi yenyewe ya gia nane, inashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka minane. Miaka minane! Hatimaye ninyi na Wajerumani mmekubaliana tarakimu, ila wao wanasema badilisha oili, ninyi mnasema badilisha gari.

Na hayo ni yale yanayoingia leo. Mlinzi wenu husimama bandarini tu. Gari likishampita, halizeeki tena machoni pa sheria hiyo. X3 ya mwaka 2012 iliyoshuka kihalali mwaka 2019 ingalimo humu, imepigwa polishi, inamsubiri mtu kama mimi. Huenda imebeba injini ya N20, ile ya silinda nne yenye turbo, ambayo matoleo yake ya mwanzo yana miongozo ya plastiki ya cheni ya taimingi inayojulikana kwa kuvunjika. Vipande huanguka kwenye sampu, huziba chujio inakofyonzwa oili, na cheni ikiruka, injini imekwenda. Q5 za mwanzo za petroli, lita 2.0, nazo zilisifika kwa kunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Broka hayataji hayo. Yeye hutaja viti vya ngozi, paa la kioo, na kwamba mwenye gari alikuwa mama mmoja aliyeliendesha kanisani tu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hawakujua kwamba siku moja hata kikuukuu kitaoshwa kiitwe kipya.

Nakiri cheti chenu cha ukaguzi kina faida. Kinaniambia breki zinashika na taa zinawaka. Kwa gari la Japani kinanihakikishia hata kwamba halina mionzi ya nyuklia, jambo la maana tangu ajali ya Fukushima mwaka 2011. Kwa hiyo nitakaposimama kando ya Waiyaki Way, injini imekufa, nitakuwa na amani kwamba halinidhuru kwa mionzi. Oili yake ilibadilishwa lini, nani aliibadilisha, na kwa kilomita ngapi, cheti hakisemi.

Na majibu hayo yapo. Uingereza, gari likishatimiza miaka mitatu hupimwa kila mwaka kwa jaribio la MOT. Maili zake na kasoro zilizoonekana huwekwa mtandaoni bure, na mwenye namba ya usajili anazisoma. Japani, gari la mnadani huwa na karatasi yenye daraja lake, kilomita zake, na alama ya R au RA kama liliwahi kugongwa likatengenezwa. Karatasi hiyo mara nyingi huzama baharini, ingawa ilisafiri na cheti cha mionzi ambacho hufika kikavu.

Ombi langu ni dogo. Pamoja na umri, mwagizaji aonyeshe namba ya usajili ya gari lilikotoka, karatasi ya mnada kama lilipitia mnadani, na rekodi ya sevisi. Na nyaraka hizo zimfuate kila atakayelinunua, hata kwa mkono wa nne. Gari la miaka kumi lililobadilishwa oili kila kilomita 10,000 lishindane kwa haki na la miaka sita lililonyimwa.

Mkiona kazi hiyo ni nzito, basi badilisheni jina la cheti tu. Kiiteni cheti cha kuzaliwa, tujue tunacholipia.

Wenu mtiifu,
Mnunuzi wa Mwaka wa Saba