Jinsi ya Kuwa Mwanasayansi Bila Koti Jeupe

Koti si lazima, wala maabara. Unahitaji wabishi wawili, mizani, daftari na majiko mawili ya makaa (mbaula), na vyote hivyo vimejaa katika soko la Mchesi hapa Lilongwe. Wewe unayepanda minibasi kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kuja kununua bidhaa Lilongwe, mwongozo huu ni wako.

1. Tafuta ubishi. Mama mmoja muuza makaa anaapa kwamba makaa yake ndiyo yanayokaa na moto. Wa pembeni yake naye anaapa vivyo hivyo. Usishike upande. Uliza: kilo moja ya yupi inawaka muda mrefu zaidi? Swali ambalo haliwezi kukuumbua si la utafiti, ni la kampeni.

2. Sawazisha kila kitu. Uzito uwe mmoja, sufuria zilingane, maji yalingane, na mbaula zikae mahali pamoja ili upepo usiipendelee mojawapo. Mbaula moja ikiwa na matundu makubwa kuliko nyingine, umepima mbaula, hukupima makaa. Kwa hiyo mzunguko wa pili yabadilishe mbaula: ya huku yaende kule.

3. Jifiche mwenyewe. Tia makaa kwenye mifuko isiyo na jina, mtu mwingine awashe na kusoma saa bila kujua ni ya nani. Wewe unayekopeshwa na mama wa kwanza kaa mbali na moto. Mkono wenye deni hupepea zaidi upande mmoja.

4. Rudia. Mara moja inaweza kuwa bahati, au gunia lililonyeshewa jana. Andika kila kipimo, na hasa kile kilichokuudhi.

5. Kubali kugeuka. Mwaka 1993 Malawi iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ingetosha kuandika “haifai” na kufunga faili. Lakini watafiti waliijaribu tena kwa watoto wa Blantyre, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yakaonyesha kwamba iliwaponya karibu wote. Dawa ilipokosa kutumika, vimelea sugu vilipungua na vile dhaifu kwake vikatawala tena. Hata hivyo haikurudishwa peke yake hospitalini, maana usugu ungeweza kurudi nayo. Mwaka 2007 nchi ilihamia LA, mchanganyiko wa dawa mbili. Hiyo ndiyo sayansi ninayoiheshimu: inaufungua upya mlango ilioufunga yenyewe, kisha inaingia kwa tahadhari.

6. Rudisha majibu. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamezidi 50,000, na wapo waliokwisha kujibu madodoso ya wageni. Aliyekupa saa yake ya kupanga foleni ya maji ana haki ya kujua ulipata nini, kwa Kiswahili, uso kwa uso, kabla hujapeleka ripoti kokote.

7. Mtafute muuzaji aliyeshindwa. Mpe daftari, mizani na mbaula zote mbili, kisha mwambie: “Mama, nikosoe.” Akikasirika, mweleze ulivyopima. Akikukosoa kwa kipimo, rekebisha daftari mbele yake na uandike ni nani aliyekusahihisha, kwani kuanzia hapo utafiti huo ni wenu wawili.