Jinsi ya Kufungiwa Ndani Bila Kununa

Kwanza, usiulize tutafunguliwa lini. Sisi wa Mji wa Kale, Mombasa, tuliuliza. Tarehe 6 Mei 2020, wakati wa korona, tuliambiwa siku 15, haingii mtu wala hatoki mtu. Tukazihesabu moja moja kama mtoto anavyoihesabu Idi, na zilipokwisha tukaongezewa nyingine hadi mwezi wa Juni. Waliohesabu ndio walioumia zaidi. Shika siku moja tu, hiyo uliyoamka nayo, na uipe kazi kila saa.

Kwa saa tulibahatika. Kafyu ilikuwa imeanza Machi, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, na Ramadhani ikatukuta humo. Daku ina wakati wake na futari haimngoji mtu. Misikiti ilikuwa imefungwa, na tarawehe ya sebuleni ilituuma sana, sitaki kulificha hilo. Lakini usiku mmoja mpwa wangu wa miaka 11 alitangulia mbele akatuswalisha, na babu yake, mtu wa safu ya kwanza miaka yote, akasimama nyuma yake. Alipotoa salamu, mzee alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kikoi.

Habari za Wizara ya Afya sikiliza mara moja kwa siku, kisha zima redio.

Halafu ingia jikoni, hasa kama hujawahi. Anza na kaimati, maana hazitaki haraka na wewe huna pa kwenda. Umua unga kwa hamira na tui, upige kwa mkono mpaka uvutike, uache ufure. Mafuta yakishika moto, chota unga kiganjani, minya, dondosha, na usiache kuzigeuza mpaka ziwe rangi ya dhahabu. Shira iwe nzito, yenye hiliki. Za kaka yangu zilitoka na mikia kama viluwiluwi, na nyumba nzima ilicheka mpaka adhana ya magharibi. Zililiwa zote, na mikia yake.

Sasa tafuta kamba. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Bi mkubwa wa nyumba inayotukabili anakaa peke yake ghorofani, na kichochoro chetu ni chembamba hata watu wawili hupishana kwa ubavu. Jioni moja aliteremsha kikapu cha ukindu kutoka dirishani, ndani mna sahani moja tupu. Hakusema neno. Tukamtilia viazi vya nazi na kaimati nne. Kesho yake sahani ikashuka na ndimu, kwani kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Siku iliyofuata ikashuka na bizari aliyoitwanga mwenyewe. Asubuhi ya Idi, kikapu kilishuka na kikuba cha asmini aliyoiotesha kwenye kopo juu ya dari, bado ina umande. Hakuna aliyetoka kwenda kupeana mikono mwaka ule, lakini kichochoro kizima kilinukia sikukuu.

Ila usimhubirie matumaini mwenye njaa. Dereva wa tuktuk, mchukuzi wa sokoni, muuza achari aliyewategemea watalii wa Fort Jesus, wote hao walikosa kibarua siku ileile. Matumaini yao ni unga, sukari na mafuta ya kupikia mlangoni, yaliyopelekwa bila kupigwa picha. Ukiwa nacho, peleka kabla hujakaa kwenye futari yako. Ukiwa huna, mwambie aliye nacho, na mtajie mlango.

Na kama mtaani kwenu kuna dirisha ambalo halijafunguka tangu jana, ita kwa sauti mpaka lifunguke.

Mji wa Kale ulifunguliwa Juni, Mombasa nzima Julai. Ile kamba bado imefungwa kwenye nondo za dirisha la bi mkubwa, na kila asubuhi hushuka kufuata mahamri.