Nyima Kiu, Fujo Mtaani: Mhadhara Usioombwa na Mtu

Mwenyekiti wa mtaa, katibu, mweka hazina ambaye kama kawaida hayupo, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana wa bodaboda mlioegesha hapo nje mkaacha injini zikinguruma makusudi: asanteni kwa kunipa nafasi chini ya kipengele cha mengineyo. Najua mlikuja kwa ajili ya maji, taka na taa za barabarani. Hayo mmeyajadili tangu saa nane na hamjapata jawabu hata moja. Mimi nimekuja na jambo lenye majawabu, tena majawabu yaliyohesabiwa herufi.

Kwa wasionifahamu, na inanisikitisha kuona mko wengi, mimi ndiye mtaalamu wa chemshabongo za mafumbo hapa Kiamunyi. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza kutoka hapa hadi Kabarak, wala kutoka Kabarak hadi Eldama Ravine, mimi ni mtaalamu wa barabara nzima. Shahada sina, kwa sababu vyuo havina mtu wa kunitahini. Karatasi mlizogawiwa zina chemshabongo niliyoitunga mwenyewe, na ninajivunia kutangaza kwamba mtu wa kwanza duniani kuifumbua yote bila kosa ni mimi huyu huyu. Mama, tafadhali, hiyo si ya kufungia njugu.

Tuanze na elimu. Chemshabongo ya kawaida hukuuliza mji mkuu wa Uganda, ukajaza viboksi ukaenda kulala. Ya mafumbo haikuulizi kitu. Inakupa sentensi iliyotulia, inayoonekana kusimulia habari fulani, na habari hiyo ni ya kukupoteza. Ndani yake mna sehemu mbili. Moja, iwe mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa, ni maana ya jibu. Nyingine ni maelekezo ya kulijenga jibu hilo kwa herufi: kata hapa, koroga pale, ficha humu. Sehemu zote mbili lazima zifike kwenye jibu moja. Zikiachana, umekosea wewe. Mtunzi hakosei, nami ndiye mtunzi.

Wenzetu wanadai mchezo wa kujaza maneno kwenye viboksi ulianza tarehe 21 Desemba 1913, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alipochapisha jedwali lenye umbo la almasi katika gazeti la New York World. Sina ugomvi na hilo. Mafumbo yenyewe yalikolea Uingereza miaka ya 1920. Edward Powys Mathers, aliyeyatunga katika gazeti la Observer kuanzia 1926, alijiita Torquemada, yaani yule hakimu mkuu wa mahakama za mateso kule Uhispania. Aliyemrithi mwaka 1939, Derrick Macnutt, mwalimu wa Kilatini na Kigiriki, akajiita Ximenes, hakimu mwingine wa mateso. Nami nilitafuta jina la hadhi hiyo hapa kwetu, nikakuta vyeo vyote vya mateso vimeshachukuliwa na wenye nyumba za kupanga.

Lakini kuvuruga maneno kwa ustadi hatukufundishwa na Liverpool. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alichapa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, na mwishoni akaweka mifano ya kinyume: usemi wa siri ambao unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele. Nakuru inakuwa Runaku. Mimi nikiwa Kiamunyi niko Nyikiamu. Hiyo ni miaka 43 kabla ya almasi ya Bwana Wynne! Na kabla ya Steere, Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akirushiana mafumbo na washairi wa Lamu. Kwa hiyo mkinisikia nakoroga herufi, msiseme huyu ameiga Wazungu. Semeni huyu amechelewa kidogo.

Sasa karatasi. Chemshabongo hii ina mada, yaani majibu yake yote yana undugu, na undugu huo sikuutangaza. Mfumbuaji anatakiwa auvumbue mwenyewe, taratibu, kwa jasho, karibu na mwisho. Binti uliye mstari wa mbele na sare ya shule, umenyoosha mkono. Ndiyo? "Ni maeneo ya Kaunti ya Nakuru." Vizuri. Vizuri sana. Ilikuwa wazi mno, niliiacha hivyo kwa ajili ya watoto.

Mlalo, namba moja. *Mji wa kondoo umefichwa humo Lodwar (4).*

Nasikia mzee mmoja anasema Lodwar ni kwa mbuzi na ngamia. Mzee wangu, shikamoo, lakini umeshanaswa. Umeondoka hapa kwa mawazo, umepita Kitale, umeshuka Turkana, unatafuta kondoo juani. Rudi. Neno "umefichwa" ni amri: tazama ndani ya maneno yanayofuata. Hu-MO LO-dwar. Molo! Mji wa kondoo, ambao nyama yake mnaisifu kila Krismasi. Haikuwa lazima kuvuka Pokot.

Namba nne ni fupi: *Maua yaliyokatwa mkia ni msitu (3).* Toa herufi ya mwisho ya "maua" unabaki na Mau, msitu unaoupa uhai Mto Njoro, na Mto Njoro ndio unaoingia katika ziwa letu lenye heroe. Kidokezo hiki nilikitunga nikinyoa. Hakihitaji maelezo zaidi.

Namba sita imenigombanisha na watu wa heshima. *Nusu gilasi, tena nusu gilasi, na bado ni mji tu (6).* Jamaa mmoja wa kaunta, sitamtaja kwa kuwa ameketi karibu na mkewe, alinishikilia shati akisema nusu na nusu ni gilasi nzima, na hakuna mji uitwao Gilasi. Kwa hesabu za kaunta yuko sawa. Kwa hesabu za herufi, GILASI ina herufi sita. Nusu yake ni GIL. Tena nusu: GIL. Ukiziweka pamoja unakuwa umefika Gilgil, kwenye kambi za jeshi, na huwezi tena kuagiza kitu. Hapo ndipo muone ukubwa wa fani hii: nusu mbili za kwanza za kitu hazirudishi kile kitu. Wanafalsafa wameandika vitabu vizima bila kufika hapo. Jamaa yule bado anasema nimemdhulumu nusu ya pili.

Wima, namba mbili. *Vurugu kati ya KU na Busia zaishia mahali pa hija (7).* Msomaji wa haraka anaona wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wamepanda mabasi kwenda mpakani kurusha mawe. Hakuna aliyerusha jiwe. "Vurugu" ni ishara ya kukoroga. Chukua K na U, chukua B, U, S, I, A, zivuruge: SUBUKIA, penye madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria, Wakatoliki wanapokwenda kuhiji. Naomba mnyamaze kidogo mstaajabu. Herufi saba ziliachwa na aliyeziumba zilale zikisubiri mtu mmoja katika bonde hili azipange upya. Sitaji jina.

Mkielekea huko Subukia mtapita namba tano, *Nasibu iko njia ya Nyahururu (6)*, ambayo ni Bahati: neno moja, maana mbili, na hata mweka hazina angeipata kama angekuja.

Namba tatu. *Nusu roho, kisha Mungu wa Wakikuyu: mji wa mahindi (6).* Nusu ya "roho" ni RO. Mungu ni NGAI. Rongai. Kuna aliyejibu "Ongata," na ndiyo maana kila mwaka hapakosi mgeni wa harusi anayeshushwa Kajiado, na suti yake, akiuliza ukumbi uko wapi. Rongai yetu ni hii ya Nakuru. Ile Ongata Rongai ina herufi nyingi na foleni nyingi.

Na kwa kuwa tumeshamtaja Ngai, inueni macho. Usitazame simu, kijana, tazama mlima. *Neno la kwanza ukutani mwa Belshaza, Mungu akafuata: shimo hilo! (8).* Hapa nilitarajia wazee wa kanisa waruke vitini. Danieli, sura ya tano: karamu, vyombo vya hekalu, vidole vya mkono vinaandika kwenye chokaa ya ukuta. Neno la kwanza ni MENE. Ongeza NGAI. MENENGAI. Kreta yenye upana wa kilomita kama 8 kwa 12, inayotoka mvuke hadi leo, na ambayo kingo zake ndizo ukuta wa nyuma wa mtaa huu wote. Mnafua nguo, mnazianika, mnazitazama zikipigwa vumbi mbele yake, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kusoma kilichoandikwa ukutani. Mfalme Belshaza angalau alitetemeka magoti. Ninyi mmeniuliza kama shimo hilo linaweza kutumika kwa taka.

Nijibu swali la mwalimu mstaafu aliyeuliza kwa nini sina vidokezo vya sauti, vile vinavyochezea maneno yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Mwalimu, Kiswahili kinaandikwa kinavyosemwa. Kimetunyima hila hiyo. Imebaki njia moja tu, nayo ni L na R, ambazo katika sehemu zetu hubadilishana zamu bila kuaga. Nilitunga hiki: *Nilichopiga kwa mdomo wa jirani yangu, mheshimiwa akakitenda (4).* Ni kura, au ni kula? Nilikifuta. Mtunzi mzuri hatungi kidokezo ambacho majibu yake yote mawili ni ya kweli.

Niguse pia hatari za kazi hii, maana mnaniona mtu wa kukaa tu. Mwaka 1944, Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa shule huko Uingereza na mtunzi wa Daily Telegraph, alijikuta akihojiwa na makachero. Katika chemshabongo zake yalikuwa yametokea Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune, yote majina ya siri ya mpango wa kuvamia Normandy, na uvamizi wenyewe ulikuwa tarehe 6 Juni mwaka huo huo. Mimi nimeanika kaunti nzima hapa, kambi za Gilgil zikiwemo, na hakuna aliyekuja kunihoji isipokuwa mke wangu, aliyetaka kujua kodi ya nyumba imelipwa kwa gilasi ngapi. Nalichukulia hilo kama uzembe mkubwa wa idara ya usalama.

Tumefika namba ya mwisho, taji la kazi yote. *Nyima kiu, fujo mtaani (8).*

Soma polepole. Unasikia nini? Unasikia mfereji uliokauka, mitungi ya njano imepangwa foleni, bauza imepita bila kusimama. Vizuri, umenaswa. "Fujo" ni ishara. N, Y, I, M, A, K, I, U. Zikoroge herufi hizo nane, na kinachopatikana ni KIAMUNYI. Ndiyo. Piga makofi. Nimesema piga makofi.

Kabla hamjamaliza kupiga, mwalimu mstaafu amesimama tena. Anasema "mtaani" maana yake ni ndani ya mtaa, na jibu ni jina la mtaa, kwa hiyo ile "-ni" imezidi. Ximenes, katika kitabu alichochapisha mwaka 1966 kuhusu sanaa hii, alikuwa mkali namna hiyo hiyo: kila neno la kidokezo liwe na kazi, lisiwepo la kujaza nafasi. Mwalimu, nakuheshimu, na Ximenes namheshimu. Lakini Ximenes hakuwahi kuteka maji Kiamunyi. Hapa fujo haipo kwenye mtaa, imo mtaani. "-ni" inabaki.

Naona mwenyekiti anagonga saa yake. Nasema mawili tu. La kwanza, yule binti wa mstari wa mbele ameshajaza viboksi vyote tangu nilipokuwa Gilgil. Iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba ni mwanafunzi wangu, na kwamba alianza masomo leo. La pili ni kazi ya nyumbani kwa wote waliobaki, pamoja na mweka hazina popote alipo: *Jiji limefichwa na mlinzi: ana kurunzi (6).* Majibu yaletwe kwangu kabla ya mkutano ujao, yameandikwa kwa penseli. Atakayeleta ya kalamu ya wino nitamrudisha nyumbani.