Kutoka Gwata Kwenda Kwata

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, na jina lake limetoka kwenye orodha ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Tangu siku hiyo nyumba haijatulia. Mama yake anakaanga karanga za safari, bibi yake anamwaga machozi kabla ya wakati, na mwenyewe ameanza kutembea kifua mbele kama aliyekwisha kuvishwa vyeo. Juzi nikamkuta ameutandaza mzigo wake mkekani: jinzi tatu, manukato, mafuta ya nywele, chaja mbili, na raba nyeupe pe. Nikamuuliza, "Mjomba, unakwenda kambini au unakwenda kuposa?"

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilipitia huko miaka ya themanini na ninajua raba nyeupe zinageuka rangi gani kufikia siku ya tatu. Nikaona nimwandikie mwongozo. Wewe mwenye kijana wa umri huo, hapa kijijini kwetu Gwata au kwa ndugu zetu wa Kisarawe, kaa naye msome.

Mzigo kwanza. JKT hutangaza kila mwaka vitu vya kwenda navyo, wala haifichi. Bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Fulana ya kijani. Raba za michezo za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Trakisuti. Nguo za baridi kwa anayepangiwa upande wa baridi, mathalani Mafinga kule Iringa. Vyeti vya shule na cha kuzaliwa, na nauli ya kwenda na kurudi. Manukato hayamo. Mafuta ya nywele hayamo, na nywele zenyewe zitabaki kwa kinyozi.

Ile bukta usiidharau. Ukiipeleka kwa fundi pale Mlandizi, simama mbele ya cherehani mpaka amalize, na umwambie mpira aushone mara mbili. Mchakamchaka unakwenda kwa nyimbo na makofi. Mpira ukikatika njiani, mkono mmoja utashika bukta, na mkono mmoja haupigi makofi. Kombania nzima itajua, na jina utakalopewa asubuhi hiyo utaondoka nalo kambini.

Sasa miguu. Kama una mwezi mmoja tu wa kujiandaa, wiki mbili zipe miguu. Makuruta wengi hawaangushwi na mapafu, wanaangushwa na malengelenge. Raba mpya iliyotoka dukani jana itakuchuna kisigino kabla jua halijapanda. Zivae leo. Nenda nazo kisimani, nenda nazo shambani, zikutoe jasho na vumbi la Gwata liingie mpaka kwenye mishono, ziwe zako. Kata kucha za vidole vya miguu, fupi na sawasawa. Soksi zifuliwe na zikaushwe juani kabisa, kwa maana unyevu ndio mama wa malengelenge.

Mtoto wa Gwata ana mtaji ambao wa mjini hana. Ndoo ya maji amebeba, jembe analijua, na kufuata ng'ombe kutwa nzima kwake si habari. Lakini tuambiane ukweli: tangu mtihani uishe, kijana wetu amekaa chini ya mwembe na simu, na dukani hatua mia mbili anakwenda kwa bodaboda. Mtaji usiozungushwa hupungua. Amka kabla ya adhana ya alfajiri, umande ungali kwenye majani, ukimbie. Kipimo chake ni rahisi. Imba. Ukiweza kuimba huku unakimbia, mwendo ni wako. Sauti ikikatika, punguza. Mchakamchaka si mashindano ya mita mia, ni watu wengi kwenda mwendo mmoja huku wanaimba, na anayechomoka mbele peke yake anarudishwa.

Kijana haamini nikimwambia kwamba kazi ngumu kuliko kukimbia ni kusimama. Ndiyo, kusimama. Kwata ndiyo inayoangusha wenye vifua. Afande akishasema "mguu sawa", nzi atatua puani na utamwacha atembee. Jua linapiga utosini, na ukikaza magoti kama nguzo, damu inatuama miguuni, kichwa kinakuwa chepesi, unakwenda chini kama gunia. Siri ni hii: magoti yalegee kidogo pasipo kuonekana, vidole vicheze ndani ya viatu, na uwe umekunywa maji na uji wako. Jizoeze uani, dakika kumi, kisha ishirini. Kuku watakuzunguka, wadogo zako watakucheka. Waache.

Nimewasikia kaka zake wakimtia hofu, mara mnalala na nyoka, mara ugali una mchanga. Hawajui lolote. Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994 na yakarudi 2013, pale baadhi ya wabunge vijana walipoingia kambini nao. Hapo katikati kizazi kizima kimepita bila kuonja, ndiyo maana kijana mwenye kaka waliomaliza shule miaka hiyo, akitafuta wa kumuuliza nyumbani, anawaruka na kuangukia kwa wajomba.

Moyo nao uandaliwe, na kazi yote iko kati ya sikio na mdomo. Nyumbani mama anamwita "baba", anamwandalia chai, anamwomba aamke. Kule ataamshwa kwa filimbi, atandike kitanda, asimame mstarini, na jibu ni "ndiyo afande". Sauti ya afande ni kubwa kwa sababu uwanja ni mkubwa na nyinyi ni wengi. Hana ugomvi na ukoo wako. Doso, yaani adhabu, nayo ipo. Kosa la mmoja hulipwa na hanga zima, yaani bweni zima, na usiku wa kwanza utamchukia aliyechelewa. Wiki ya pili utakuwa wewe unayemsaidia kufunga kamba za viatu ili wote mwahi. Hilo ndilo somo lenyewe, na ndilo lililonifanya niipende JKT hadi leo.

Kiburi cha elimu kikae nyumbani. JKT ilianzishwa Julai 1963, na Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kujiunga. Kilichowauma hasa ni kwamba baada ya kambi wangefanya kazi miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao, na palepale akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Anayekwenda miezi mitatu leo na kulalamikia maharage, amkumbuke rais aliyeanza kujikata yeye.

Kuhusu afya sina mzaha hata kidogo. Mwenye pumu, selimundu, kifafa au ugonjwa wa moyo asijifiche ili aonekane shujaa. Aseme siku ya kwanza, kadi ya hospitali mkononi na dawa mfukoni. Na ukimwona mwenzio juani anaanza kuweweseka, anapepesuka, ngozi inawaka moto, usimcheke wala usingoje ruhusa ya kusema: mwite afande kwa sauti, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji na kumpepea. Joto linaua upesi.

Na wazazi wenye kijana mwenye ulemavu wa kuonekana, msimfungie ndani mkidhani ameachwa. JKT huwaelekeza vijana hao kambi ya Ruvu, papa hapa wilayani kwetu karibu na Mlandizi, kwa kuwa ndiyo yenye miundombinu ya kuwahudumia. Mpelekeni. Ana haki ya kuimba mstarini kama wenzake.

Jambo la mwisho ni la fedha. Kila msimu hujitokeza watu wa kuwaambia wazazi kwamba nafasi ya JKT inanunuliwa, au kwamba ukitoa kitu kidogo kijana atapelekwa jeshini moja kwa moja akimaliza. Ni matapeli. Nafasi haiuzwi, na jeshi limekuwa likitoa onyo hilo mara kwa mara. Usiuze mbuzi, usiuze ufuta. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, nenda polisi.

Raba nyeupe nimezifungia sandukuni kwangu, atazikuta akirudi. Kesho saa kumi na moja alfajiri nitamgongea dirisha tukimbie wote hadi njia panda. Kama nawe una wa kumgongea, mgongee.