Mke mwenza wa chuma

Barua ya kwanza iliyomfikia Mshauri wa safu hii imetoka Himbi, Goma, nayo imetiwa sahihi "Mke Mwenza wa Mashine". Mume wa mama huyu alileta nyumbani mashine ya kukereza chuma iliyoliwa na kutu, akatwaa beseni la kufulia, akamimina maji na magadi, akatumbukiza vipuri, kisha akaunga chaja ya betri ya gari. Mama anauliza kama baba watoto amerogwa.

Hajarogwa. Mshauri anamhakikishia kwamba njia hiyo ni ya kale na ni nzuri: kipuri hufungwa waya hasi, chakavu cha chuma cha kawaida hufungwa waya chanya, na mkondo hulegeza kutu bila kumega chuma kizima. Ila akikuta kijiko cha chuma cha pua kwenye waya chanya, apige kelele, maana maji hayo yatatoka na kromi yenye sumu. Na yale mapovu ni hidrojeni. Beseni likae uani, mbali na mbabula, la sivyo mtaa utadhani volkano ya Nyiragongo imefungua tawi. Beseni jipya ni deni la mume.

Kutu yenyewe itarudi. Moshi wa Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira una gesi ya salfa inayotia mvua asidi, na kila mwenye mabati Goma anaijua kazi yake. Basi mashine ipakwe oili kila jioni na kufunikwa kwa kitambaa cha pamba. Turubai la plastiki hufungia unyevu ndani.

Fundi wa Ndosho ana uchungu zaidi. Amemaliza kufufua mashine, imepakwa rangi ya kijani, inanguruma vizuri, lakini kila fimbo anayoikereza inatoka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Anataka kuiuza.

Asiiuze kabla hajatazama chini. Goma imejengwa juu ya lava, na mwamba huo ni msingi mgumu kuliko udongo wa miji mingi. Tatizo ni kwamba hauko sawa, na hautulii. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalifuata kwa siku kadhaa na nyufa zikafunguka hadi katikati ya mji. Mashine ya kukereza, pamoja na uzito wake wote, hupindika mguu mmoja ukikaa chini kidogo kuliko mingine. Kitanda kikijipinda, kisu hakiendi sambamba na kazi.

Mshauri anaagiza jaribio moja. Fundi afunge fimbo nene kwenye mandrini, bila kuishikilia kwa nyuma, aipitishie kisu kwa wepesi, kisha apime karibu na mandrini na penye ncha. Vipimo vikitofautiana, atafute pimamaji ya mafundi mitambo (ile ya mwashi haioni kosa dogo namna hii), aiweke kukingama kitanda, mwanzo na mwisho, na aingize vibati vyembamba chini ya miguu mpaka ncha zote mbili zikubaliane. Arudie kila ardhi inapotikisika. Ikiwa kitanda kimelika karibu na mandrini, ambako kazi nyingi hufanyika, vibati havitasaidia: hiyo ni kazi ya kukwangua kwa mkono, polepole, na ya mtu mwenye subira.

Kijana wa Birere analaumu Waingereza. Amenunua mashine yao iliyopitia Uganda, anachonga skrubu ya milimita, na nati inaingia mizunguko michache kisha inagoma. Kwa hili analaumu sawasawa. Skrubu kuu ya mashine hiyo imepimwa kwa inchi, na tangu 1959 inchi ni milimita 25.4 kamili. Kupata milimita halisi kunahitaji gia ya meno 127, namba isiyogawanyika, ndiyo maana gia ndogo haiwezi kutoa jibu hilohilo. Akikosa fundi mwenye freza wa kumchongea gia hiyo, ajaribu gia za meno 63 na 80 pamoja. Kosa lake ni kama milimita moja katika mita nane, na hakuna mteja wa Birere atakayeagiza bolti ya mita nane.

Msomaji wa Katindo ana mota ya fezi tatu na nyumba ya fezi moja. Kabla ya kusumbua kampuni za umeme, SNEL au Virunga, asome kibati cha mota. Kikiandikwa 220/380, anunue inverta ya mota (si ile ya sola) na kuziunga nyaya kwa pembetatu. Kikiandikwa 380/660, mota hiyo apewe mwenye kinu cha fezi tatu.

Mwisho, bwana mmoja anataka kujua kama chukudu (ile skuta ya mbao) linaweza kubeba mashine yenye kilo 600. Chukudu hubeba mamia ya kilo za makaa na viazi, lakini gunia halina kichwa kizito upande mmoja. Mashine ivunjwe: mota, mandrini na gia ziende kwa chukudu, kitanda kipande lori kikiwa kimelazwa na kufungwa. Chukudu pekee mjini ambalo Mshauri angelikabidhi mzigo wote huo ni lile la sanamu ya rangi ya dhahabu pale mzungukoni, nalo haliendi popote.